Hapa hapa au kutoka damuni? Shajara ya mradi wa mafua ya panya, Nairobi

Jumatatu, Januari 19

Swali tunaloanza nalo ni moja. Panya akishaugua mafua akapona, ukiosha mapafu yake unakuta kingamwili za virusi vile kwenye maji yanayotoka. Je, zilitengenezwa hapo hapo kwenye njia ya hewa, au zilitengenezwa kwingine zikavuja kutoka damuni? Kila kipimo nitakachoandika humu kinalenga kulijibu hilo.

Sababu ya kuling'ang'ania ni hii. Chanjo za mafua kwa kawaida hupimwa kwa damu. Mtu anachomwa sindano begani, baada ya wiki chache anatolewa damu, na seramu yake, yaani majimaji ya damu yaliyoondolewa chembe, inapimwa kama inaweza kuzuia virusi visigandamanishe chembe nyekundu. Ikifika 1:40, yaani ikizimuliwa mara arobaini na bado inazuia, inahesabiwa kwamba uwezekano wake wa kuugua umepungua kwa karibu nusu. Kiwango hicho kimetumika tangu miaka ya 1970 na kimewafaa wengi. Lakini virusi vya mafua havina makao damuni. Vinaingia puani, vinajishikiza kwenye seli za utando wa njia ya hewa, vinazaana hapo, na vikishuka ndipo vinafika mapafuni. Ukisoma damu peke yake umepima mahali ambapo virusi havipo.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito. Mafua hapa hayangoji baridi ya Julai, yanazunguka mwaka mzima, na watoto wadogo ni miongoni mwa wanaoumia zaidi. Kuna chanjo ya mafua inayopulizwa puani, iliyoidhinishwa Marekani tangu 2003, na nyingine za namna hiyo zinaendelea kutafutwa. Siku chanjo kama hiyo ikifikiriwa kwa ajili ya watoto wetu, Nairobi itahitaji watu wanaojua kupima kinga ya puani, na ujuzi huo haupatikani kwa wiki moja. Nataka tuwe nao kabla haujahitajika.

Jumatano, Januari 28

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kimetoka. Cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, tulikuwa nacho tayari. Kamati ilituuliza kwa nini tusitumie seli za kwenye chupa badala ya panya, na swali lao lilikuwa la haki. Jibu letu ni kwamba seli za chupani hazina tezi za limfu, hazina mishipa ya damu ya kuvuja, wala hazina pua na pafu vilivyo mbali mbali. Tunachochunguza ni uhusiano wa sehemu hizo, na uhusiano huo uko ndani ya mnyama mzima tu. Tumekubaliana pia kwamba panya akipoteza asilimia 20 ya uzito wake hatusubiri, anapewa dawa ya kufa bila maumivu siku hiyo hiyo. Daktari wa mifugo anayesimamia banda amesisitiza uzito upimwe kila asubuhi saa ile ile. Nakubaliana naye kabisa.

Panya wetu ni wale weusi wa ukoo wa C57BL/6, majike wa wiki 8. Virusi ni A/Puerto Rico/8/34, aina ya H1N1, vilivyotolewa kwa mgonjwa Puerto Rico mwaka 1934. Tangu hapo vimepitishwa kwenye wanyama na mayai mara nyingi mno hadi vikazoea panya, na kwa binadamu vikapungua makali. Ndiyo maana vimetumika kama msingi wa mbegu nyingi za chanjo zinazokuzwa kwenye mayai. Hata hivyo tunavishika ndani ya kabati la usalama, kwa glavu na barakoa, na chumba kina mlango wake.

Ijumaa, Februari 6

Leo tumevuna virusi. Mayai tuliyapata kwa mtotoleshaji wa vifaranga upande wa Kikuyu. Ya dukani hayafai, lazima yawe yamerutubishwa na yamekaa kwenye joto siku 10. Unazima taa, unaweka tochi chini ya yai, na lililo hai unaliona kwa mishipa yake myekundu iliyotanda na kivuli cha kiinitete kinachotikisika. Unachora kwa penseli mpaka wa mfuko wa hewa, unatoboa juu yake kidogo, unaingiza sindano, unaziba tundu kwa nta. Baada ya siku mbili kwenye nyuzi 37 mayai yanalazwa friji usiku kucha, ili kiinitete kife na mishipa ijibane, la sivyo damu inachanganyika na majimaji unayoyataka. Tuliyoyavuna leo yametoka meupe kama maji, na tone moja likachanganywa na chembe nyekundu za kuku likazigandamanisha vizuri. Virusi vimo.

Hapa kuna jambo ambalo nimelipigia mstari kwenye daftari. Majimaji haya yana protini za yai kwa wingi. Panya tutakayempa virusi hivi atakuwa amepewa na yai pia, na mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili za yai. Sasa kama sahani ya kipimo nayo nitaipaka virusi vilivyokuzwa kwenye yai, kingamwili za yai zitashika na nitazihesabu kama za mafua. Kwa hiyo tumechukua hatua mbili. Sahani zitapakwa himaglutinini tupu, protini ya juu ya virusi vya mafua, iliyotengenezwa kwenye seli, bila yai. Na kila sampuli itapimwa pia kwenye vishimo vilivyopakwa majimaji ya yai lisilo na virusi, tuone ni kiasi gani cha jibu ni cha yai.

Jumatatu, Februari 16

Wiki nzima ni ya ELISA, kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi. Sahani ya vishimo 96, unapaka antijeni (kile kinachoshikwa na kingamwili, kwetu himaglutinini) usiku, asubuhi unaosha, unaziba nafasi zilizobaki kwa albumini ya ng'ombe, unaweka sampuli, unaosha, unaweka kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, unaosha tena, halafu rangi. Bluu inageuka njano ukitia asidi, na mashine inasoma kwenye nanomita 450. Kazi yenyewe ni rahisi, ubora wake uko kwenye kuosha.

Mwenzangu wa uzamili alikuwa anapitia orodha ya vitendanishi akaniita. "Dada, hapa tumeandika IgG2a. Panya wetu si ni wale weusi?"

Ni kweli, na ameokoa pesa kabla oda haijatoka. IgG2a ni aina mojawapo ya kingamwili. Panya wa C57BL/6 hawana jeni yake, wao wana IgG2c. Anayenunua kitendanishi cha IgG2a kwa mazoea, kwa sababu panya wa ukoo wa BALB/c wanayo, anaweza kupata namba ndogo akadhani panya wake hawakuitikia, kumbe kingamwili ipo na hakuitafuta kwa jina lake. Orodha sasa ina aina hizi za kingamwili: IgM, IgA, IgG1, IgG2b, IgG2c.

Jumatatu, Machi 2. Siku ya 0

Tumeambukiza leo. Makundi matatu.

Kundi la kwanza wamelazwa kwa ketamini na zailazini hadi wamelegea kabisa, kisha wakatiwa mikrolita 30 za virusi puani. Panya aliyelala hivyo anavuta tone lote hadi mapafuni. Kundi la pili walikuwa macho, wakapewa tone dogo la mikrolita 5 kila tundu la pua. Hawa virusi vinabaki juu, puani, walau kwa siku za mwanzo. Kundi la tatu wamepewa bafa ya fosfeti tu, maji ya chumvi yasiyo na virusi.

Tofauti ya makundi mawili ya kwanza ni ya muhimu kwangu kuliko jambo lolote la mradi huu. Virusi ni vile vile, panya ni wa ukoo ule ule, kilichobadilika ni mahali tone lilipofika. Kama kingamwili zinatengenezwa mahali maambukizi yalipo, makundi haya mawili hayatafanana, hata kama damu zao zikifanana.

Mzee wetu wa banda ndiye aliyetia matone. Ameshika panya kwa miaka kuliko sisi sote tulivyosoma. Anamshika kwa shingo na mgongo, kichwa kimeinuka kidogo, analeta ncha ya pipeti hadi karibu na tundu la pua bila kuligusa, halafu anangoja. Anaangalia mbavu. Mbavu zikianza kupanda anaachia sehemu ndogo ya tone, linatoweka, anangoja pumzi nyingine. Nilimwuliza, "Mzee, mbona usimalize mara moja?" Akasema, "Ukimharakisha atameza, mama. Likienda tumboni si mafua tena." Ni hivyo hasa. Tone likimezwa hujui kipimo alichopata, na kundi lako lote linakuwa na panya wagonjwa kwa viwango tofauti.

Jumatatu, Machi 9. Siku ya 7

Mvua imeanza na barabara ya Waiyaki imejaa, lakini tulifika wote kabla ya saa mbili. Panya wa kundi la kwanza wamekonda, manyoya yamesimama, wanakaa wamejikunyata. Wa kundi la pili wamepungua kidogo tu. Hakuna aliyefika asilimia 20.

Leo tumeosha mapafu kwa mara ya kwanza, na nitaeleza namna tulivyofanya kwa sababu matokeo yote yanategemea hapa. Panya akishakufa analazwa kwenye ubao wa mteremko. Wetu umetengenezwa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, bati lisiloshika kutu, na umekuja na pembe tuliyoitaka hasa. Damu inachukuliwa kwanza. Koo la hewa linafunguliwa kidogo, kanula butu inaingizwa, inafungwa kwa uzi isicheze. Unasukuma nusu mililita ya bafa baridi, polepole, unaona kifua kinapanda. Unavuta. Maji yakirudi na povu jeupe juu yake, yamefika kwenye vifuko vya hewa, kwa sababu povu hilo linatokana na mafuta na protini zinazozuia vifuko visishikane. Yakirudi bila povu, kanula imekaa vibaya. Yakirudi mekundu, mshipa umeguswa na sampuli hiyo inaandikwa alama. Kwa pua, kanula inageuzwa ielekee juu, na matone yanakingwa yanapotoka puani.

Sasa tatizo. Nimeingiza nusu mililita na kupata pungufu ya hapo, lakini sijui ute na unyevu wa panya huyu vimechangia kiasi gani. Kusoma kingamwili kwenye maji hayo bila kujua yamezimuliwa vipi ni kama kuambiwa useme chai ina maziwa kiasi gani bila kujua ilitiwa maji vikombe vingapi. Kwa hiyo tunapima urea. Urea hupita kwa urahisi kati ya damu na majimaji ya pafu, kiwango chake pande zote mbili kinalingana, basi kikiwa kidogo kwenye maji ya kuoshea unajua uzimuaji ni mara ngapi.

Na tunapima albumini. Albumini inatengenezwa kwenye ini na inazunguka damuni, pafu haliitengenezi. Ikionekana kwa wingi kwenye maji ya pafu, ukuta umelegea na vitu vya damu vinapita.

Leo albumini ya kundi la kwanza iko juu sana ukilinganisha na panya wa bafa. Ilitarajiwa, wiki ya kwanza ya mafua mapafuni ndiyo ukuta unapoumia. IgG iliyomo kwenye maji yao imeifuata albumini panya kwa panya: aliyevuja zaidi ndiye mwenye IgG zaidi. Mtu angeandika leo kwamba pafu limejaa IgG dhidi ya mafua siku ya 7, na namba zingemuunga mkono, lakini kwa jinsi ninavyoona IgG hii imekuja na maji ya damu. IgM ipo. IgA ni hafifu.

Alhamisi, Machi 12. Siku ya 10

IgA imeanza kuonekana kwenye maji ya pafu la kundi la kwanza. Virusi vimekwisha au vimekaribia: kwenye seli za MDCK, zile za figo la mbwa zilizoanza kukuzwa 1958, matundu ambayo virusi huacha vikiua seli ni machache mno.

Jumatatu, Machi 16. Siku ya 14

Uzito umerudi. Albumini imeshuka, ukuta unajifunga. Na IgA imepanda huku albumini ikishuka. Nimeitazama grafu hii muda mrefu. Kama IgA ingekuwa inavuja tu, ingeshuka pamoja na albumini.

Tumepiga hesabu ya uwiano: IgA kwa albumini kwenye maji ya pafu, igawanywe kwa IgA kwa albumini kwenye seramu. Ikitoka 1, uvujaji peke yake unatosha kueleza. Ikizidi 1, kuna IgA inayofika pale kwa njia nyingine. Kwa kundi la kwanza IgA imezidi 1 kwa panya wote. IgG iko karibu na 1.

Kundi la pili, wale wa tone la puani, ndio walionifurahisha. Seramu zao ni dhaifu. Ungewapima kwa damu ungesema hawa hawajajikinga. Lakini maji ya pua yao yana IgA ya himaglutinini, wazi kabisa, na vishimo vya majimaji ya yai vimebaki vyeupe. Mapafu yao tuliyachunguza pia, maana virusi hivi huweza kushuka baada ya siku kadhaa, na wawili walikuwa navyo kidogo chini. Hao tumewatenga kwenye uchambuzi kama tulivyopanga tangu mwanzo.

Yanakubaliana na yaliyojulikana. Mwaka 2004 watafiti waliwapa panya kingamwili kupitia mshipa, wengine IgA ya vipande viwili, wengine IgG, kisha wakawaambukiza. IgA ndiyo iliyokinga pua. IgG ya damu ilikinga mapafu. Mwili una milango miwili na kila mmoja una kingamwili yake kuu.

Bado sisemi imetengenezwa hapo. Uwiano unaozidi 1 unaniambia IgA inapelekwa kwenye utando kwa bidii, hauniambii ilitoka wapi. Seli za utando zina kipokezi kinachoshika IgA upande wa ndani, zile zilizounganishwa mbili mbili kwa mnyororo wa J, kinaivusha seli nzima na kuiachia upande wa hewa ikiwa imebeba kipande cha kipokezi hicho. Na kwa panya, tofauti na binadamu, IgA nyingi ya damuni pia ni ya kuunganishwa. Kwa hiyo mtu anaweza kubisha kwamba imetoka mbali, ikaja na damu, ikavushwa hapa. Prof wetu alinibishia hivyo hivyo leo jioni, na hakuniachia upenyo. Ni haki yake.

Jumanne, Machi 24

Kitendanishi cha IgA cha shehena ya pili kimefika kikiwa vuguvugu. Barafu kavu ilikuwa imekwisha ndani ya sanduku, shehena ilikaa siku nyingi ikingoja karatasi. Tumekipima dhidi ya kile cha zamani kwa sampuli zile zile na kimepoteza nguvu. Hatukitumii. Tulichobaki nacho kinatosha siku ya 28 na ya 42 tukipima kwa uangalifu, na oda mpya imetoka kwa wakala mwingine.

Inauma, kwa sababu kwa fedha za kitendanishi kile banda lingelishwa muda mrefu. Mtu anayefanya kazi hii Nairobi lazima apange oda zake miezi mbele na aache akiba ya kulinganishia shehena mpya na ya zamani. Akiba hiyo ndiyo iliyotuonyesha tofauti leo, na nawaomba wanafunzi wanaoingia mradini wasiwahi kumaliza kopo la zamani kabla jipya halijapimwa.

Jumatatu, Machi 30. Siku ya 28

Leo tumefanya jaribio la kumjibu Prof.

Pafu lilisafishwa damu kwanza. Sindano inaingizwa kwenye chumba cha kulia cha moyo, bafa baridi inasukumwa, na pafu linabadilika kutoka jekundu hadi jeupe kama pamba mbele ya macho yako. Likishakuwa jeupe linakatwa vipande vidogo, vinaoshwa tena na tena, vinawekwa kwenye vikombe vyenye chakula cha seli, nyuzi 37, siku kadhaa. Nusu ya vikombe vinawekwa saikloheksimaidi, dawa inayozuia seli zisitengeneze protini mpya.

Kingamwili ya damu iliyojificha kwenye nyama ya pafu itatoka kwenye vikombe vyote sawa, dawa iwepo isiwepo. Inayotengenezwa pale pale itaonekana tu kwenye vikombe visivyo na dawa. Pamoja na pafu tumeweka tezi za limfu za kifuani, wengu, na utando wa pua.

Nyongeza, Jumatano Aprili 1: stima ilipotea usiku wa pili. Jenereta iliwaka, kifaa cha kurekodi joto kinaonyesha kabati la seli halikushuka chini ya nyuzi 36. Tunaendelea.

Ijumaa, Aprili 3

Vikombe vya pafu la kundi la kwanza, visivyo na dawa: IgA ya himaglutinini ipo, na IgG ipo. Vyenye dawa: IgA karibu hakuna, IgG kidogo, ambayo naihesabu kuwa mabaki ya damu. Utando wa pua wa kundi la pili umetoa IgA. Pafu lao halikutoa kitu cha kuandikwa.

Nimesoma sahani mara ya pili kabla ya kumpigia Prof simu.

Kilichonishtua ni IgG. Kwa maji ya kuoshea, IgG ilionekana kama ya kuvuja tu, uwiano wake ukiwa karibu na 1. Kwa vikombe, pafu linaitengeneza. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: damu ina IgG nyingi kiasi kwamba kile kidogo cha pafu kinamezwa kwenye hesabu. Uwiano wa albumini unafaa kwa IgA kuliko kwa IgG, na hilo litaandikwa kwenye mwongozo wetu wa kipimo.

Jumatano, Aprili 15

Panya wa siku ya 42 tuliwachukua Jumatatu, leo tumesoma madoa. Hii ni ELISPOT. Pafu linalainishwa kwa kolajenesi, kimeng'enya kinachoachanisha seli, seli zinachujwa, zinamwagwa kwenye sahani yenye utando uliopakwa himaglutinini, zinaachwa usiku bila kuguswa. Seli inayotoa kingamwili inaacha doa mahali ilipokuwa imekaa. Doa moja ni seli moja. Jambo hili lilifanywa kwa mapafu ya panya wenye mafua tangu miaka ya 1980, na bado sijaona kipimo kinachoonyesha kwa uwazi hivi.

Madoa ya IgA yapo kwenye mapafu ya kundi la kwanza wiki sita baada ya maambukizi, wakati virusi viliondoka zamani. Uboho wa mifupa umetoa zaidi IgG. Mwenzangu alikuwa anahesabu kwa sauti chini ya darubini, na mzee wa banda akaomba aangalie. Tulimweleza kila doa ni seli iliyobaki kwenye pafu la panya aliyemtia tone yeye mwenyewe. Aliangalia muda mrefu, akauliza kama seli hizo zitakuwepo panya akizeeka. Swali hilo nimeliandika kwenye orodha ya majaribio yajayo, chini ya jina lake.

Jumatano, Aprili 22

Kikao na Prof. Amekubali vikombe, hajakubali madoa.

"Pafu lina mishipa myembamba isiyo na idadi," alisema. "Hata ukilisafisha likawa jeupe, seli nyingi zinabaki zimenasa humo ndani. Unajuaje hizo si seli zinazopita na damu?"

Ana hoja, na dawa yake inajulikana. Dakika tatu kabla panya hajauawa, anachomwa kwenye mshipa wa mkia kingamwili yenye rangi inayoshika CD45, alama iliyo juu ya chembe nyeupe zote. Dakika hizo ni chache, rangi inafika kwa seli zilizo ndani ya mishipa tu. Zilizo ndani ya nyama ya pafu hazijafikiwa. Kisha kwenye mashine ya kupanga seli unatenganisha zenye rangi na zisizo nayo, na unaweka ELISPOT kwa kila fungu peke yake.

Tulizungumza pia kuhusu seli B za kumbukumbu, zile zinazokumbuka virusi na kutoa kingamwili vikirudi. Utafiti wa 2019 ulionyesha kwamba baada ya mafua, sehemu ya seli hizo hukaa pafuni bila kurudi kuzunguka, na kwamba ili zikae hapo antijeni lazima iwe imefika pafuni yenyewe. Panya wawili walipounganishwa damu zao, seli hizo hazikuhama kwenda kwa mwenzake. Zaidi ya hapo, mafua yanaweza kuacha pafuni mikusanyiko ya seli za kinga ambayo haikuwepo kabla, karibu na mirija ya hewa. Kwa hiyo tunajua seli zina mahali pa kukaa. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba tunaweza kuzipima hapa, kwa vifaa vyetu, kwa namna ambayo mwingine akirudia atapata tulichopata.

Prof alinyamaza kidogo, kisha akasema nianze kuandika mwongozo sasa hivi, nisisubiri data ya mwisho. Maabara jirani zimeshauliza.

Jumatatu, Mei 4

Mwongozo wa kipimo umefika nusu. Sehemu ya kuosha pua na mapafu imekamilika, pamoja na picha za ubao wa Kamukunji na vipimo vyake, ili anayetaka amchoree fundi wake. Sehemu ya hesabu ina kanuni tatu: urea ipimwe kila mara, albumini ipimwe kila mara, na mtu asiandike neno "imetengenezwa hapa" kwa uwiano peke yake, bila vikombe vyenye saikloheksimaidi pembeni.

Mashine ya kupanga seli tumepewa nafasi wiki ya pili ya Juni. Panya wa awamu ya pili wanaambukizwa Jumatatu ijayo, ili siku ya 28 iangukie humo. Makundi ni yale yale, na tumeongeza la nne: panya watakaochomwa chanjo ya virusi vilivyouawa kwenye misuli, bila tone puani. Matarajio yangu ni seramu yenye nguvu na pua tupu. Tukipata hivyo, tutakuwa na makundi mawili yanayopingana kabisa, moja la damu dhaifu na pua yenye IgA, jingine la damu kali na pua isiyo na kitu, na wote tutawatia virusi puani tuone nani anavitoa na nani anavizuia.

Kitendanishi kipya cha IgA kimefika leo mchana kikiwa kimeganda. Mwenzangu amekipima dhidi ya akiba, kimelingana. Mayai ya awamu ya pili yanakuja Alhamisi.